Nimerudi Mbagala na magoti mabovu, nyumbani wanasubiri mamilioni

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanaume wa miaka 33, mzaliwa wa Mbagala. Nilipokuwa darasa la tano mama mdogo alinichukua nikaishi naye Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwenye mji mdogo ambao zamani ulikuwa wa wachimba makaa ya mawe. Mpira wa miguu upo kule, lakini mtoto mwenye mwili kama wangu walimu hawamwachii aende huko. Nilipelekwa kwenye raga. Siyo ile ya watu 15 ambayo Wakenya wanacheza, ni raga ya ligi, watu 13 kila upande. Unakabwa, unaangushwa, unanyanyuka, unausukuma mpira nyuma kwa mguu, mnaanza tena. Mkishakabwa mara sita mpira unahamia kwa wenzenu. Mimi nilikuwa mtu wa mbele kabisa, yule ambaye kazi yake ni kukimbilia katikati ya watu watatu wanaomsubiri.

Klabu ilinisajili kwenye akademia nikiwa na miaka 16. Nikapanda, nikacheza kidogo Super League, daraja la juu kabisa, halafu nikaumia bega, nikatolewa kwa mkopo, mwishowe nikaangukia Championship, daraja la pili, na huko ndiko nilikomalizia. Huko wengi tunacheza huku tuna kazi nyingine. Mchana nilikuwa ghalani napakia mizigo, jioni mazoezi, mwisho wa wiki mechi. Mkataba wa mwisho ulipoisha hawakuniita tena. Nilipata ujumbe wa simu wa kunishukuru, basi.

Nimerudi Dar tangu mwisho wa mwaka jana. Tatizo langu ni kwamba hakuna anayejua hayo niliyokuandikia. Nyumbani wanajua nilikuwa mchezaji wa kulipwa Uingereza. Samatta ni wa huku huku Mbagala, kacheza Aston Villa, kafunga Wembley, kwa hiyo kijiweni wanaamini sote tuliotoka Mbagala tukaenda kucheza England tumelipwa kwenye dirisha moja. Wananiita Samatta wa raga. Nikipanda daladala wanacheka, wanasema najificha nisiombwe hela.

Kaka yangu mkubwa ndiye niliyekuwa namtumia pesa za kiwanja na ujenzi. Kiwanja kipo Chanika. Nyumba imefika lenta ikasimama. Hati ya mauziano ya serikali ya mtaa ina jina lake. Nikimuuliza anasema, "Malizia tu wewe bati, pesa si unayo." Mama naye amewaambia majirani kwamba mafao yangu yakitoka atahamia Chanika na kufuga kuku. Mimi ndiye niliyesema kuna mafao, Mjomba. Walikuwa wanauliza kila siku, nikasema kuna pesa inafuatiliwa. Ukweli ni kwamba akiba yangu yote haifikii bei ya Noah iliyotumika.

Rafiki yangu wa shule ya msingi anataka tufungue jimu Tabata, yeye atoe eneo na mimi vyombo. Mimi moyoni ningependa kufundisha watoto raga, lakini sijui kama kuna mtu atanilipa kwa hilo. Magoti yanauma sana asubuhi, nameza diklofenaki, nanunua duka la dawa la pale njiani. Siku hizi nasahausahau pia, juzi nilikaa kituoni Kariakoo muda mrefu sikumbuki napanda gari gani la kurudi nyumbani, na nilimfokea mama sababu ya redio, ila nadhani ni joto na usingizi mdogo. Pasipoti yangu ni ya Uingereza, niliichukua nikiwa mtu mzima, na viza niliyoingilia inaisha mwezi ujao.

Ninachofikiria ni kuondoka kimyakimya. Niwaambie nimeitwa na klabu nikafundishe, nirudi ghalani nipakie mizigo miaka miwili mitatu, nimalize nyumba, halafu nirudi kwa heshima. Mke sina, mtoto sina, hakuna nitakayemuumiza. Nishauri.

Mchovu wa Mbagala

*

Marahaba mpwa wangu, na karibu nyumbani.

Umenipangia mambo kwa mpangilio wako: kwanza kijiwe, halafu kaka, halafu mafao, halafu jimu. Kariakoo umeichomeka katikati ya duka la dawa na redio ya mama, ukaifunika kwa joto. Mimi naanzia hapohapo Kariakoo, na mengine yote yasubiri.

Mtu wa miaka 33 aliyekulia Mbagala hasahau gari la Rangi Tatu. Anaweza kulikosa, anaweza kubanwa mlangoni, lakini kulisahau, hapana. Ukiniambia pia umemfokea mama yako, na hulali, na kwa miaka zaidi ya kumi kazi yako ilikuwa kugonga watu kwa kichwa na mabega, siwezi kukubali habari ya joto.

Huenda jambo lenyewe ni dogo. Anza na lililo rahisi kuliko yote, kapime malaria. Wewe umeishi Uingereza tangu utotoni, kinga uliyokuwa nayo ukiwa mtoto wa Mbagala imekwisha, na malaria ya mtu asiye na kinga haina mzaha. Pima kila ukisikia homa au kichwa, na usikubali kumezeshwa dawa bila kipimo. Pima presha na sukari ukiwa hapohapo. Na hiyo diklofenaki ya kila siku iache kwanza mpaka daktari aseme. Ni dawa ya siku chache. Ukiizoea miezi, inaweza kukuchoma tumbo na kukuharibia figo, na mwenye duka la njiani hana muda wa kukuuliza umeanza lini.

Ukitoka hapo nenda Muhimbili, kwenye Taasisi ya Mifupa, MOI. Watu wanaijua kwa ajali za bodaboda, lakini mle ndani kuna madaktari wa mifupa na kuna madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, kwa hiyo goti na kichwa chako vinaweza kuangaliwa nyumba moja. Usiende mikono mitupu. Kaa chini uandike kwenye karatasi mara zote unazokumbuka uligongwa kichwa: mwaka, ulizimia au hukuzimia, ulirudi uwanjani siku ileile au la. Mpigie mama mdogo akusaidie kukumbuka, maana kwa hali yako ya sasa kumbukumbu yako peke yake haitoshi. Kule Uingereza mafaili yako ya matibabu yapo, na una haki ya kuomba nakala kwenye kituo cha afya ulichosajiliwa na kwenye klabu ulizochezea. Omba leo, yanachukua muda.

Sikutishi, lakini sitakuficha pia. Bobbie Goulding, aliyekuwa nahodha wa St Helens, klabu ya raga ya ligi, waliponyanyua Kombe la Challenge mwaka 1996, alitangaza hadharani mwaka 2021 kwamba amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akiwa na miaka 49 tu. Wapo wachezaji wengine wa zamani wa mchezo wenu waliofungua madai ya kisheria kuhusu vichwa vyao. Wapo pia wengi mno waliogongwa kama wewe na hawana tatizo lolote. Kuna ugonjwa mmoja wa ubongo unaohusishwa na kugongwa mara nyingi ambao mpaka leo huthibitishwa kwa kuuchunguza ubongo baada ya mtu kufa, kwa hiyo asije mtu akakuuzia kipimo cha kuuona ungali hai. Daktari mzuri atatafuta kwanza yale yanayotibika: usingizi, sonona, maumivu yasiyotulia, dawa unazomeza, upungufu wa hiki na kile mwilini. Sonona naiweka wazi kwa sababu kila mstari wa barua yako unaisemea. Umeachwa na kazi uliyoifanya tangu miaka 16 kwa ujumbe wa simu, umerudi kwenye mtaa unaokudhania tajiri, na kutwa unaigiza. Hata mwenye kichwa kisichowahi kuguswa angesahau gari.

Kule ulikotoka kuna watu wanaoshughulika na hali hii hasa. Rugby League Cares ni shirika la hisani la mchezo wenyewe, linasaidia wachezaji na wastaafu wake. Lipo jingine, State of Mind, lililoanza mwaka 2011 baada ya mchezo kumpoteza mchezaji Terry Newton, nalo kazi yake ni afya ya akili ya wachezaji. Waandikie, waeleze uko Dar. Wamezoea mtu kama wewe kuliko daktari yeyote wa hapa, na kuandika hakuna nauli.

Sasa pesa.

Mpwa wangu, uongo wa mafao umeutunga wewe, lakini msingi wake waliuchimba wengine, na wameuchimba kwa kutojua. Mtu wa Mbagala akisikia England na mchezo wa kulipwa anaona Ligi Kuu ya mpira wa miguu, na hesabu ya fedha ya Ligi Kuu. Mchezo wenu una hesabu nyingine kabisa. Miaka hii ya karibuni kikomo cha mishahara ya klabu ya Super League kimekuwa kama pauni milioni 2.1 kwa mwaka, na hicho ni cha kikosi kizima, si cha mtu mmoja. Wako wanasoka wa Ligi Kuu ambao mmoja wao peke yake anapita kiasi hicho kwa mwaka, tena kwa mbali. Na wewe hukuwa nyota, hukukaa juu muda mrefu, na ulimalizia daraja ambalo mtu hucheza Jumapili na Jumatatu asubuhi yuko kazini na jicho limevimba. Hayo ukimweleza kaka yako kwa tarakimu ataelewa. Wabongo tunaelewa tarakimu haraka.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani hata wewe, uliyeucheza mchezo, hukulipima. Mchezo huo ulizaliwa kwa ugomvi wa posho. Mwaka 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilikutana kwenye hoteli ya George pale Huddersfield zikajitenga na wakubwa wa raga, kwa sababu wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda, na kila wakienda kucheza Jumamosi walikatwa mshahara wa saa walizokosa kazini. Klabu zikataka kuwafidia. Wakubwa, ambao wao hawakuwa na mshahara wa kukatwa, wakasema kulipwa ni kuuchafua mchezo. Ndipo zikaachana. Kwa hiyo mchezaji anayepakia mizigo mchana na kucheza jioni ndiye hasa mwenye mchezo ule, tangu siku ya kwanza. Unaionea haya sehemu ya maisha yako ambayo kule hakuna aliyeionea haya kwa zaidi ya miaka 125.

Na hayo mafao. Ghalani walikuwa wanakukata kitu cha pensheni, bila shaka, na klabu pengine nayo. Pesa hiyo ipo, ila imefungwa. Mfuko wa pensheni wa kazini kule huruhusiwi kuugusa kabla ya miaka 55, na kuanzia mwaka 2028 ni miaka 57. Pensheni ya serikali yao, kwa rika lako, ni miaka 68, na ili uipate hata kidogo lazima uwe na miaka 10 ya michango. Hapa kwetu mtu akiacha kazi anakimbilia kuulizia NSSF, ndiyo maana mama yako anaona ni jambo la kawaida mafao kutoka mwaka huu. Hajatunga. Mweleze kwamba yapo na yatatoka ukiwa mzee. Kuku wa Chanika hawatafugwa kwa pesa hiyo.

Nani umwambie kwanza? Mama. Peke yake, mchana, kaka hayupo, redio imezimwa. Usianze na "mama naomba unisamehe", atadhani umeua mtu. Anza na kiasi. "Mama, mimi nina shilingi kadhaa, hizi hapa, na hakuna nyingine inayokuja mpaka nizeeke." Mtajie tarakimu kamili. Nimeona kwenye barua nyingi zinazokuja hapa: mtu akisema "sina kitu kikubwa", msikilizaji bado anajaza mwenyewe nafasi hiyo kwa mamilioni. Mweleze ulikuwa unafanya kazi gani mchana. Mwonyeshe bega. Atalia kidogo, halafu atauliza umekula nini, na kesho yake utaona yeye mwenyewe anapunguza maneno kwa majirani. Wanawake wa rika la mama yako wamebeba aibu kubwa kuliko ya Noah iliyotumika.

Kijiweni huna deni la maelezo. Wakikuita Samatta wa raga, cheka. Ila na wewe acha kuwanunulia soda watu wanane ili waendelee kuamini, maana hukuandika hilo lakini nina hakika unalifanya.

Kaka ni habari ndefu kidogo. Nimeisoma sehemu hiyo nikitafuta mahali uliposema amekudhulumu, sikupaona, lakini naona unataka mimi ndiye niseme. Sitasema, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni jina. Wewe ulichukua uraia wa Uingereza ukiwa mtu mzima. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haina uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo siku uliyoapa kule, huku ulijitoa. Na sheria ya ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi, haikuruhusu asiye raia kupewa ardhi, isipokuwa kwa uwekezaji na kwa utaratibu wake maalumu. Kaka angeandika jina lako kwenye karatasi ya serikali ya mtaa, ungekuwa na karatasi yenye jina zuri na mgogoro ndani yake. Inawezekana alijua, inawezekana alibahatisha. Vyovyote vile jina lake pale si ushahidi wa wizi.

Ya pili ni namna ulivyotuma. Umesema "pesa za kiwanja na ujenzi", lakini hukusema ulituma kiasi gani, lini, kwa kitu gani. Naijua pesa ya namna hiyo. Inakuja leo ya tofali, kesho mtoto karudishwa ada, keshokutwa kuna msiba Kilwa, na wiki inayofuata mama kalazwa. Aliyeipokea hakumbuki alipochota, aliyetuma anakumbuka kila senti. Nyumba kufika lenta kwa pesa ya vipande vipande, huku saruji na nondo zikipanda, si kazi ndogo. Wapo wa Uingereza walioambiwa wamefika kwenye bati na walipotua wakakuta kichaka.

Kwa hiyo usiende kwa kaka na tuhuma. Nenda na orodha ya miamala yako, simu na kampuni ulizotumia kutuma zinaweza kukutolea, mkae nayo mkiwa wawili. Mwambie kwanza ukweli wa mfuko wako, kabla ya kumuuliza lolote. Ndugu anayedhani umeficha mamilioni hana sababu ya kukuhesabia elfu hamsini. Akishajua kwamba bati haliji, ama atafungua daftari au atakasirika, na hapo utakuwa umejua zaidi ya unavyojua leo.

Baada ya hapo, wakili. Siyo mjumbe wala mwenyekiti wa mtaa, hao watakuwa mashahidi. Wakili aandike makubaliano baina yenu yanayotambua pesa yako imeingia pale, na kaka asaini akiwa na mkewe, maana kaka ana familia, na siku akitangulia bila karatasi hiyo, nyumba yako itagawanywa kwenye mirathi yake na wewe umekaa mkekani na wafiwa wengine. Usikimbilie kuandika jina la mama ukidhani ndiyo heshima. Naye ana watoto wengine, itakuwa mirathi vilevile. Muulize wakili pia kuhusu mambo mawili: utaratibu wa hadhi maalumu kwa diaspora, na njia ya kuurudia uraia wako ukikubali kuachia ule wa Uingereza. Hili la pili usiliamue mpaka MOI wamesema neno, kwa sababu pasipoti hiyo ndiyo inayokuruhusu kurudi kuishi kule na kutibiwa.

Na mpaka hayo yaishe, hata tofali moja usiongeze.

Jimu? Hapana. Labda baadaye. "Yeye atoe eneo" maana yake nini, lake au la kupanga? Kodi analipa nani mwezi wa saba wanachama wakipungua? Vyombo vya jimu ni akiba yako yote, na eneo ni maneno yake.

Raga ya watoto naipenda zaidi, hata kama haitakujengea. Hapa Dar raga inayochezwa ni ile ya watu 15 na ya watu saba, na viwanja vya Gymkhana ndipo wanapokutana. Nenda ukajitambulishe. Wewe unajua kukimbia na mpira, kupasiana, kusoma mtu anakuja na bega gani, na hayo ni yaleyale kwenye raga yenu ya watu 13 na kwenye hii ya watu 15. Vipo vyeti vya ukocha vya ngazi ya chini, vichukue, bila cheti hakuna shule itakayokupa watoto wao. Na ukianza, anza na ile ya kuchomoa utepe kiunoni, isiyo na kuangushana. Wewe hasa ndiye mtu wa kuwaambia wazazi kwa nini.

Lakini chukua angalizo: kufundisha ni kazi, hata ukilipwa nauli tu, na viza ya matembezi hairuhusu kazi. Jimu ndiyo kabisa. Ukikutwa, utaitwa mgeni aliyefanya kazi bila kibali, na Kiswahili chako cha Mbagala hakitakusaidia kitu.

Limebaki la kuondoka kimyakimya. Umeniuliza kama urudi ghalani. Kurudi Uingereza sikatai. Nafikiri hata huenda ikawa ndilo jambo la busara, kama MOI watasema kichwa chako kinahitaji uangalizi wa muda mrefu. Kule ukirudi kuishi unatibiwa, mafaili yako yako kule, watu wa mchezo wako kule, mama mdogo yuko kule. Ninachokataa ni hadithi ya kuitwa na klabu. Ukiondoka na hadithi hiyo, miaka miwili yote utakuwa unaibua nyingine za kuilinda, unapakia mizigo kwa magoti hayo, peke yako chumbani, kichwa kinazidi kusahau na hakuna hata mtu mmoja anayejua amuulize nani. Umesema hakuna utakayemuumiza kwa kuwa huna mke wala mtoto. Mimi kuna mtu mmoja namhofia kwenye mpango huo, na hukumtaja.

Kwa hiyo ukitaka kwenda, nenda mama akiwa anajua unakwenda kupakia mizigo na kutibiwa. Mpe namba ya mama mdogo, waongee wao bila wewe.

Kwa tarehe, la kwanza ni viza. Usingoje mwezi ujao. Wiki hii nenda ofisi ya Uhamiaji Kurasini, na cheti chako cha kuzaliwa na pasipoti ya zamani ya Tanzania kama unayo, uwaeleze kwamba ulizaliwa Mbagala na unataka kujua una njia zipi za kuongeza muda ukiwa kwenye matibabu. Karatasi ya miadi ya MOI ukiwa nayo mkononi itakusaidia, kwa hiyo pitia Muhimbili kwanza. Na usiende peke yako, mpwa wangu. Chukua mtu wa kukaa naye kwenye foleni na kukumbuka daktari amesema nini. Kama kufika hapo mama atakuwa ameshaambiwa, nenda naye.

Mjomba